Krosanti za Posa

Alhamisi ile Nyamvula alitoka kazini mapema kwa ruhusa ya nusu siku, na ruhusa yenyewe aliiomba ili akale mikate. Hakumwambia msimamizi wake hivyo. Alisema ana shughuli ya nyumbani, na hakusema uongo, kwa maana Jumamosi watu wa Dishon walikuwa wanakuja Junda kuposa, na krosanti za kuja nazo zilikuwa hazijachaguliwa.

Krosanti na posa vilikutana kwa Mzee Kaingu, babake Nyamvula. Kwa desturi ya kwao, upande wa mume huja na kadzama, yaani tembo la mnazi, likawekwa mbele ya wazee. Kisha binti huitwa kutoka ndani akaulizwa mbele ya watu wote: tunywe, tusinywe? Akisema kunyweni, amekubali kuolewa. Akisema msinywe, wageni hubeba tembo lao wakarudi nalo walikotoka. Lakini Mzee Kaingu ni mzee wa kanisa, na tembo halijaingia nyumbani kwake tangu aokoke. Kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufuoni. Kila asubuhi ya kazi yake aliwapelekea wageni krosanti, ule mkate wa siagi wenye matabaka, uliopindwa kama mwezi mchanga, naye akasimama kando na kitambaa mkononi kuwatazama wakila. Basi ulipofika wakati wa kutaja kitu cha kushika nafasi ya tembo, wazee wenzake walipendekeza soda, mkewe Ruth akapendekeza mahamri, naye akasema krosanti. Alitaka siku ya bintiye wazee wa Junda nao wakae kitako waandaliwe. Binti angeulizwa tule, tusile, na yeye ndiye angemega wa kwanza.

Aliongeza sharti moja, kwamba mume mwenyewe ndiye achague, asiagize kwa mtu. Dishon akasema ndiyo, mzee. Dishon husema ndiyo kwa kila mtu, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Dishon alikuwa anamngoja Nyamvula nje ya lango la karakana anakofanya kazi, pale Bombolulu, amesimama juani wakati kivuli kipo hatua chache tu kando yake. Alikuwa karani katika yadi ya makontena Changamwe, na siku hiyo alikuja bila kulala tangu zamu ya usiku, macho mekundu, shati limekunjamana mgongoni. Hata hivyo alipomwona Nyamvula akitoka, uso wake ulifunguka wote, na Nyamvula akahisi moyo wake ukimwendea kama siku zote, bila kumuuliza mwenyewe. Dishon alimpokea mkoba. Mkongojo hakuugusa, maana alikwisha kujifunza kwamba mkongojo haupokewi.

Mguu wa kushoto wa Nyamvula ulipooza utotoni, na tangu hapo alitembea na chuma mguuni na mkongojo mkononi. Ndani ya karakana, akiwa amekaa mbele ya ngozi anayoikata iwe mikoba, alikuwa na kasi kuliko wote. Huko nje ilikuwa kazi nyingine.

"Umechoka," Dishon alimwambia.

"Na wewe pia."

"Si tungefanya hii kesho?"

"Kesho utakuwa kazini. Na Jumamosi wageni wanakuja. Twende tu tumalize."

Bekari ya kwanza haikuwa mbali. Ilikuwa ya Suleiman, mtu wa boflo na skonzi, ambaye watu humsifu kwa mikate yake ya asubuhi na kwa ucheshi wake. Krosanti alianza kuzioka hivi karibuni, baada ya kuona wengine wanazioka. Waliketi kwenye benchi mbele ya duka wakagawana moja. Ilikuwa nzito, imeshikana ndani, haina tabaka hata moja. Nyamvula aliigeuza mkononi akaiona ni boflo tu iliyopindwa, iliyopakwa yai juu ili ing'ae. Alimuuliza Dishon anaionaje.

"Iko sawa," Dishon akasema.

"Sawa vipi?"

"Imeshiba. Wazee wanapenda kitu ya kushiba."

Walipanda tuktuk hadi Mtopanga, kwenye duka jipya la vioo lenye ubaridi ndani na msichana wa kaunta aliyevaa kofia. Huko krosanti zilikuwa kubwa, zimenyunyiziwa sukari na kujazwa chokoleti, nzuri machoni kiasi cha kupigwa picha. Nyamvula aliuma akahisi mafuta yakimganda juu ya ulimi. Hakukuwa na siagi mle, ilikuwa ni mafuta ya kupikia yaliyofichwa na utamu. Alifikiria babake, aliyebeba krosanti za kweli kwa miaka yote ile, atakavyouma hii mbele ya wenzake na kunyamaza kwa adabu. Alimgeukia tena Dishon. Naye Dishon, akifuta chokoleti mdomoni, akasema hii nayo iko poa, tena ina chokoleti.

"Kwa hiyo ni hii?"

"Kama wewe umeipenda."

"Sikusema nimeipenda."

"Basi tuangalie ile nyingine. Mimi, Nyamvu, niko sawa na yoyote."

Alilisema kwa upole, tena na tabasamu lile lililomfanya Nyamvula ampende tangu mwanzo, walipokutana kwenye foleni ya benki akampisha mbele bila kutazama mguu wake. Wakati huo upole ule ulikuwa mapumziko. Alikuwa ametoka kwa wanaume wa kumuamulia, wa kumhurumia na wa kumficha, na huyu alimuuliza yeye anataka nini. Miaka miwili baadaye bado anauliza. Nyamvula ndiye aliyechagua kanisa, ndiye aliyechagua nyumba watakayopanga, ndiye aliyekwenda kwa babake mara ya kwanza na ya pili kusema neno ambalo mwanamume alipaswa kulisema. Ndani ya kile kibaridi cha duka alihisi uchovu ambao usingizi haungeutoa.

Krosanti za tatu zilikuwa za Nadira, mwanamke wa Kiembeni anayeoka nyumbani kwake na kuuza barazani, meza mbili zikiwa zimetandikwa vitambaa vya maua. Hizi hazikuhitaji maelezo. Ukiigusa kwa kidole inaitika, ukiimega inaachana tabaka kwa tabaka, na harufu ya siagi ilikuwa imejaa baraza nzima. Nadira aliwawekea sahani, akawatilia chai ya tangawizi, akarudi ndani kwa tanuri lake. Nyamvula alikula polepole. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi, akamtazama Dishon kwa matumaini. Alimuuliza sasa anachagua ipi kati ya zote tatu.

Dishon aliegemea kiti akafumba macho kidogo. "Zote ziko na uzuri wake."

Nyamvula aliweka kikombe chini. Hakutaka ugomvi. Alisema, kama hawezi kuchagua, basi ampigie mamake amuulize watu wa kwao wanapenda tamu au isiyo na sukari, wapate pa kuanzia. Dishon akapiga, akamsalimia mamake kwa Kiembu, wakacheka jambo, halafu akamnyooshea Nyamvula simu akisema mambo ya chakula waelewane wenyewe.

Nyamvula na Jerioth walikuwa hawajawahi kuonana. Mama huyo mjane alikaa Embu, na kila alipoalikwa Mombasa alikuwa na udhuru. Nyamvula alikuwa ameshajiambia sababu, ingawa hakuna aliyemtamkia. Mama ana mwana mmoja, na mwana huyo anamletea msichana wa mkongojo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ya sukari sitaki, meno yangu ni mabaya. Leteni ile ya kawaida." Sauti yake ilikuwa kubwa, kama ya mtu asiyeamini kwamba simu inafikisha maneno peke yake. "Na wewe, sweta uko nayo?"

"Sweta, mama?"

"Huku ni baridi, si kama huko kwenu. Desemba si mbali. Mkihamia bila sweta utakohoa mpaka Pasaka."

Nyamvula alimtazama Dishon. Dishon alikuwa ameacha kutafuna.

"Sawa, mama," Nyamvula alisema. "Nimesikia." Akamrudishia simu mwenyewe, akangoja aage, akangoja aiweke mezani.

"Desemba tunahamia wapi, Dishon?"

"Nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

"Baada ya Jumamosi. Mambo yakiwa yametulia."

"Baba yangu ulimwambia tutakaa hapa Kisauni, karibu nao. Ulimwambia kwa kinywa chako, ukinywa chai yake. Unajua kwa nini alitaka kujua. Dada yangu aliolewa Kitale, na mama humwona kwenye simu tu. Walikataa posa yako kwa sababu hiyo, na wakakubali kwa sababu ya neno lako."

"Najua."

"Na mamako ulimwambia nini?"

Dishon alipangusa makombo mezani kwa kiganja, ingawa makombo yenyewe yalikuwa machache. "Nilimwambia Desemba naacha kazi, tunarudi nyumbani. Alikuwa analia, Nyamvu. Mwaka jana, kwa simu, analia kabisa. Ningemwambia nini?"

"Na baba yangu alipokataa?"

"Nikamwambia ile ya Kisauni. Nilidhani mmoja wao angebadilika na wakati. Nilidhani nikinyamaza kidogo ingejipanga yenyewe."

"Na mimi? Mimi ulidhani nini?"

"Wewe unanielewa."

"Sikuelewi," Nyamvula alisema. "Nimekuwa nikichoka tu, nawe ukadhani ninakuelewa."

Hakupandisha sauti. Nadira alichungulia kutoka mlangoni na bakuli la unga mkononi, akaona uso wa Nyamvula, akarudi alikotoka. Dishon alinyoosha mkono juu ya meza amshike, na Nyamvula akamwacha amshike, kwa sababu mkono ule aliupenda na kwa sababu kuuchomoa wake kungetaka nguvu.

"Nifanyie jambo moja," alimwambia. "Tumekula za watu watatu. Niambie moja ambayo ni mbaya. Moja tu. Hakuna mtu wa kuumia hapa, Suleiman hayupo, yule msichana wa kofia hayupo. Sema, hii ni mbaya, siitaki."

Dishon alitazama sahani. Akafungua kinywa. Nyamvula alimwona akitafuta jawabu usoni mwake yeye, akisoma macho yake ili ajue ipi ndiyo ya kusema. Hapo alijua jawabu lolote litakalotoka halitakuwa la Dishon.

"Basi," alisema, akauchukua mkongojo wake.

"Nyamvu, ngoja. Nikusindikize."

"Nitakwenda mwenyewe. Jumamosi ukija, njoo. Usipokuja pia nitajua. Mimi sina tena nguvu ya kukuchagulia."

Alipanda tuktuk peke yake hadi Junda. Alilia kidogo njiani, kilio kifupi cha mtu aliyechoka hata kulia, na alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kujifuta.

Ijumaa hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aanzie wapi? Baba alikuwa anapanga viti vya kuazima kutoka kanisani, akivipangusa kimoja kimoja mwenyewe. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Ujumbe wa Dishon ulikuja asubuhi, ukaja mwingine mchana, na kila mmoja ulianza na nisamehe. Nyamvula aliusoma akauacha. Ruth, ambaye hakuitaka posa hii tangu mwanzo lakini alikuwa ameinyamazia kwa ajili ya bintiye, alimtazama akikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni mguu wake ukiwa umenyooshwa mbele.

"Umechoka na kazi, au umechoka na mtu?" alimuuliza.

"Vyote viwili, mama."

Ruth aliendelea kukuna nazi. Baadaye alisema, bila kuinua macho, kwamba viti vya kanisa hurudishwa vile vile vilivyoletwa, na hakuna atakayemlaumu. Nyamvula alishukuru moyoni, lakini alimpenda Dishon. Hilo halikuwa limepungua hata kidogo, na ndilo lililokuwa likimchosha. Kumwacha mtu uliyemchoka ni rahisi, lakini huyu angemwacha huku bado anamtaka.

Jumamosi wageni walifika baada ya adhuhuri. Nyamvula alikuwa chumbani kama desturi inavyotaka, akichungulia kwenye pazia. Alimwona Dishon wa mbele, shati jeupe limepigwa pasi, amebeba boksi kwa mikono miwili. Lilikuwa boksi la Suleiman. Kati ya zote tatu ameleta zile nzito, na Nyamvula hakujua kama amezichagua au kama ndilo duka lililokuwa karibu na njia. Hakuwa na hamu ya kukisia. Nyuma ya Dishon alikuja mjomba wake, na nyuma ya mjomba mwanamke mfupi aliyevaa sweta zito la buluu katika joto lile, akitembea kwa tahadhari kama aliyevaa viatu vya kuazima. Huyo ndiye Jerioth. Alipofika kizingitini alisimama akakitazama kwa muda kabla ya kuvuka.

Salamu zilikuwa ndefu. Mjomba aliongea habari za safari, Mzee Kaingu akaongea habari za mvua, wakasali, wakaimba ubeti mmoja. Kisha krosanti zikapangwa kwenye sinia, sinia ikawekwa juu ya meza katikati, na Nyamvula akaitwa.

Alitoka akitembea polepole. Chuma cha mguuni kilisikika katika ukimya ule, na aliona macho ya Jerioth yakishuka hadi kwenye mguu wake yakakaa hapo. Akamwambia kimoyomoyo, haya, tazama ushibe. Akaketi kwenye kiti alichowekewa kando ya babake.

"Nyamvula," Mzee Kaingu alianza. Alikuwa amevaa koti, na sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia mezani kwa wageni wakubwa.

"Abee, baba."

"Hawa wageni unawajua?"

"Nawajua."

"Wamekuja na kitu. Kipo hapa mbele yako. Tule, tusile?"

Wote walimtazama, wengine wakiwa wameshaanza kutabasamu, kwa maana jibu hujulikana kabla ya swali. Nyamvula alitazama sinia. Angeweza kusema kuleni, halafu aishi akisubiri Desemba kama mtu anayesubiri jino liume. Angeweza kusema msile. Asubuhi ile alikuwa amejaribu neno hilo mbele ya kioo, na lilikuwa limetoka bila shida.

"Baba," alisema, "kabla sijajibu nina jambo. Dishon atuambie sisi sote hapa, tukioana tutakaa wapi."

Hilo halikuwa katika desturi. Binti huulizwa, haulizi. Mzee Kaingu alimgeukia nusu, mzee mmoja akakohoa, na Ruth aliyekuwa ameinama na birika akasimama wima nalo.

"Nyamvu," Dishon alisema kwa sauti ya chini, "hayo si tutaongea sisi wawili?"

"Tuliyaongea sisi wawili."

Dishon alimtazama mamake. Akamtazama Mzee Kaingu. Kisha akamtazama Nyamvula, akitafuta usoni mwake kama alivyotafuta kwa Nadira, naye Nyamvula akainamisha macho chini ili asipate kitu cha kusoma. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya wiki ile. Alitamani kumsaidia. Alitamani kumnong'onezea, na mikono yake aliifunga mapajani mpaka vidole vikamuuma.

"Tutakaa hapa," Dishon alisema. Akamgeukia mamake. "Tutakaa Kisauni. Mama, nilikudanganya. Sikuwa na mpango wa kuacha kazi Desemba. Niliogopa kukuambia."

Jerioth alivua miwani yake, akaipangusa kwa pindo la sweta, akaivaa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na kila nikikuuliza unasema ndiyo, mama."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimejenga," Jerioth alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayeeleza kitu alichokisahau nyumbani. "Vyumba viwili, kando ya nyumba yangu. Vimepakwa rangi juzi. Fundi alitaka kuweka ngazi mbele kwa sababu kwetu ni mlima. Nikamwambia hapana, huyo msichana ana mguu, weka mteremko wa simiti, halafu weka chuma ya kushikilia. Akaniuliza kama nimewahi kumwona. Nikamwambia sijamwona lakini nimeambiwa." Alimgeukia Nyamvula. "Ndiyo sababu nilikuwa sikuji. Fundi ukimwacha peke yake anafanya yake. Nimeangalia unavyotembea sasa hivi, nikaona ile chuma niliiweka juu sana."

Nyamvula alihisi uso wake ukiwaka. Mwaka mzima alimchukia mwanamke huyu kwa neno ambalo hakuwahi kulisema, na mwaka mzima mwanamke huyu alisimama juu ya fundi akipima mteremko wa mguu asioujua. Alitaka kuomba msamaha, lakini hakuna mtu mle ndani aliyejua kosa lake. Machozi yalimjia, na safari hii hakuyazuia.

"Mama, mimi nilidhani—" Dishon alianza.

"Wewe nyamaza," Jerioth alimwambia. "Ungeniambia, ningekasirika, halafu ningepoa. Sasa nimekasirika na nimejenga." Alivuta pumzi ndefu, akajiegemeza kitini, na kwa mara ya kwanza umri wake ukaonekana. Kisha akamwonyesha Nyamvula sinia kwa kidole. "Kula, mama. Wazee wanangoja na chai inapoa. Vyumba nitapangishia walimu wa shule."

Mzee Kaingu alikuwa bado hajapata jibu lake. Aliuliza tena, polepole zaidi, na safari hii hakutumia sauti ya hotelini. "Mwanangu. Tule, tusile?"

Nyamvula alimtazama Dishon. Alikuwa amekaa mkono mmoja juu ya goti, shati limelowa mgongoni, amechoka hadi kwenye mifupa. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amesema kitu na sasa hana pa kukirudisha. Hakuwa anamsoma tena. Alikuwa amekaa tu, akingoja kuambiwa kama ameoa au ameachwa, na alionekana tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Usipangishe vyote viwili, mama," Nyamvula alimwambia Jerioth. "Kimoja tuwekee. Hatutahamia, lakini tutakuja."

Kisha akamgeukia babake. "Kuleni, baba."

Akamega yake, akala. Ilikuwa nzito kama alivyoikumbuka, akaitafuna yote na kuimeza. Ruth akaanza kumimina chai. Wazee walinyoosha mikono, mjomba akanyoosha wake, na Dishon naye, akiwa ameanza kupumua tena, akanyoosha mkono kuelekea kwenye sinia.

"Wewe ngoja," Nyamvula alimwambia, akachukua krosanti akampelekea Jerioth kwa mikono miwili. "Mama kwanza."

Dishon akangoja.